Mapipa Arobaini ya Mogogosiek: Kunywa Ushahidi Wako

SEHEMU YA TISA

Panga la Kepher lilishuka kwa kishindo, likapasua ubao wa meza na kukwama katikati ya vidole viwili vya Dorcus Akeyo.

Nyinyi mliopiga simu gazetini wiki nzima mkiuliza kama mkono umekwenda, poeni. Mkono upo. Lakini msikimbilie kushukuru, maana kabla jua la Alhamisi hiyo kufika utosini, Dorcus mwenyewe alikuwa akitamani panga lingemaliza kazi yake.

“Ling’oe,” Kipruto Mosonik alisema. “Nilikuambia umtishe, sikukuambia ukate.”

“Huyu hatishiki, bosi.”

“Basi wewe hujui kutisha.”

Walikuwa ndani ya stoo ya kiwanda cha juisi cha Kipruto, pale Mogogosiek. Mapipa arobaini ya buluu yalikuwa yamepangwa hadi ukutani. Kipruto, mwenye mali, alikuwa ameketi juu ya kreti kama mtu anayengoja zamu yake kwa kinyozi. Kepher, mtu wake wa kazi chafu, alikuwa akivutana na panga lake mezani. Dorcus, afisa wa forodha aliyetoka Kericho asubuhi hiyo kuja kuchota sampuli, alikuwa amebana chupa ya nusu lita kwapani, na hakuwa na nia ya kuiachilia.

Kwa miezi mitatu watu hawa walikuwa wakipigania neno moja tu: karoti.

Makaratasi ya Kipruto yalisema kwamba mzigo ule ulioingia nchini ni juisi ya karoti, karoti tupu. Dorcus alisema si karoti tupu. Kwa sababu ya neno hilo, vioo vya gari lake vilikuwa vimevunjwa, mbwa wake alikuwa amekutwa ametundikwa kwenye lango, na ajenti aliyeuleta mzigo, marehemu Nyang’au, alikuwa ameokotwa mtoni akiwa hana hata jino moja.

“Madam,” Kipruto alisema, “tuongee kama watu wazima. Shida yako ni gani? Rangi ni ya karoti. Harufu ni ya karoti. Andika karoti urudi kwenu.”

“Ndani kuna tufaha na zabibu,” Dorcus alisema. “Juisi ya mboga moja iko na namba yake kwa kitabu cha ushuru. Ukichanganya na matunda, inahama inaenda namba ingine. Ukiongeza maji na sukari kupita vile Mungu aliumba, hiyo si juisi tena, ni kinywaji, inahama tena. Si mimi nilitunga. Kazi yangu ni kuangalia kitu na kukiita jina lake.”

Halafu Kipruto akafanya kitu ambacho Dorcus hakukitarajia hata katika ndoto.

Alikubali.

“Sawa. Andika mchanganyiko.”

“Nini?”

“Andika mchanganyiko wa juisi. Tia sahihi hapa hapa. Nitalipa ile ushuru unataka, na faini juu. Umeshinda, madam.”

Hata Kepher aliacha kuvuta panga, akageuka kumtazama bosi wake.

Mtu mwingine angeandika akaenda zake. Lakini Dorcus alikuwa amekaa forodha miaka kumi na mmoja, na alijua jambo moja: mtu akipigania mlango miezi mitatu, kisha akufungulie kwa dakika moja, jua kwamba mali haiko nyuma ya mlango huo.

Akafungua kifuniko cha chupa, akanusa.

Karoti ilikuja kwanza, tamu na nzito. Chini yake ikaja tufaha. Na chini ya tufaha kulikuwa na kitu kingine, kikali, baridi, kikipanda puani kama pamba ya hospitali.

“Hii imetiwa spiriti,” alisema.

Kepher aliliacha panga mezani, akamsogelea.

“Kumbe tulikuwa tunagombania karoti bure,” akaendelea, sasa akisema nusu kwa nafsi yake. “Ulitaka nishughulike na karoti. Kitabu kinasema juisi ni ile haijachacha na haijatiwa pombe. Hii si juisi ya aina yoyote. Umeficha spiriti ndani ya—”

Kofi la Kepher lilimwangusha chini. Chupa ilitoka mkononi ikabingirika. Kipruto akainama, akaiokota kabla haijamwagika, akaitazama dhidi ya mwanga wa dirisha.

“Si unataka kujua ni nini?” aliuliza taratibu. “Basi kunywa ushahidi wako.”

Kepher alimkalia Dorcus kifuani. Kwa mkono mmoja akamshika nywele, kwa mwingine akambana pua. Dorcus aliuma meno. Alihesabu moja, mbili, tatu, akahisi mapafu yakiwaka, macho yakitaka kutoka. Alipofungua kinywa kuvuta pumzi, mdomo wa chupa uligonga jino lake la mbele likavunjika, na juisi ikamiminika pamoja na kipande cha jino, ikaingia.

Akameza. Ikashuka ikichoma. Akatapatapa, akameza tena.

“Tema! Madam, usimeze! Tema!”

Aliyepiga kelele alikuwa Alfayo Ouko, mchanganyaji wa kiwanda, mzee mwembamba mwenye koti jeupe na gumbuti. Alikuwa amesimama mlangoni akitweta.

“Alfayo, rudi kwa tangi zako,” Kipruto alisema bila kugeuka.

“Bosi, nilikuambia! Mara mbili nilikuambia! Hiyo spiriti si ya kunywa. Nilichemsha kidogo, nikashika mvuke wake nikauwasha. Moto wake hauonekani. Ni ile ya viwanda, ya kuyeyusha rangi. Inapofua watu. Inaua!”

“Mimi niliambiwa ni safi.”

“Uliambiwa na nani? Mzee Kipkurui alikunywa kikombe kimoja wakati wa kupakua, na tumemzika Jumatano ya wiki iliyopita!”

“Huyo alikufa na presha.” Sasa Kipruto aligeuka. “Watu wa Sigor wanangoja huu mzigo kesho wauweke kwa chupa. Hizo stori zako peleka kanisani.”

Wasomaji wangu, kuna watu wanaoishi miaka sitini bila mtu kuwaona, kisha wanaonekana kwa dakika moja. Alfayo hakurudi kwenye matangi yake. Alinyoosha mkono akachukua mpira wa kuoshea mitambo, ule wa maji yanayotoka moja kwa moja kwenye boila, akafungua koki yote.

Maji yalimkuta Kepher usoni.

Mlio aliotoa haukuwa wa binadamu. Aliruka kutoka kifuani mwa Dorcus, akijishika mashavu, na ngozi ikamfuata mikononi kama utando wa maziwa. Stoo yote ikajaa mvuke.

“Toka, nyaminwa!” Alfayo alimwita kwa neno la kwao, dada yetu. “Dirisha! Pita dirisha!”

Dorcus alipanda juu ya pipa, akasukuma kioo kwa kiwiko. Alipogeuka nyuma mara moja tu, alimwona Kipruto akitokea ndani ya mvuke na chuma cha kufungulia mapipa. Pigo la kwanza lilimpata Alfayo begani. La pili lilimpata juu ya sikio, na mpira ukamponyoka ukaanza kurukaruka sakafuni kama nyoka. Alfayo alianguka kwa magoti. Hakuinua mikono. Alikuwa bado anamtazama Dorcus, akimwonyesha dirisha kwa kidevu.

Pigo la tatu Dorcus hakuliona. Alilisikia akiwa tayari nje, amelala kifudifudi kwenye majani chai.

* * *

Shamba la chai si msitu. Vichaka vinafika kiunoni tu, na ukisimama unaonekana kutoka kilima cha pili. Dorcus alitambaa. Matawi yalimchana uso, udongo mwekundu ukamjaa mdomoni juu ya damu ya jino. Nyuma yake alisikia vijana wa Kipruto wakiitana, wakipiga vichaka kwa rungu.

Akatia vidole kooni, akatapika. Maji ya rangi ya karoti. Akatapika tena mpaka yakaja ya kijani.

Mbele yake akaona miguu. Gumbuti nyeusi, na juu yake apuroni ya plastiki, na juu zaidi uso wa mwanamke wa makamo akiwa na kikapu mgongoni. Kulikuwa na wengine saba au wanane, wote wachumaji, na wote walikuwa wameacha kuchuma.

“Mama,” Dorcus alinong’ona, “wananiua.”

Yule mwanamke hakuuliza nani. Alivua kikapu, akamwaga majani yote juu ya Dorcus, akaketi juu ya lundo kama mtu anayepumzika.

Vijana walifika.

“Chamgei,” mmoja alisalimu. “Mmeona mwanamke hapa? Ako na damu.”

“Tumeona kazi tu,” yule mwanamke alijibu.

“Mama Chepchirchir, usicheze na sisi.”

“Kipkurui wangu amekufa akifanyia kazi hiyo kampuni yenu, hata siku kumi hazijaisha. Nitacheza na wewe na roho gani? Nenda.”

Wakaenda.

Chepchirchir alimpeleka kwake kwa njia ya ng’ombe, akamficha jikoni, akampa maziwa, akamtapisha tena. Simu ya Dorcus ilikuwa imebaki stoo. Simu ya Chepchirchir ilikuwa imezima, stima ilikuwa imepotea kijijini tangu juzi. Barabarani, vijana wa Kipruto walikuwa wakisimamisha kila pikipiki.

“Lala,” Chepchirchir alisema. “Kesho watachoka.”

Dorcus alihisi amepona. Kichwa kilimuuma kidogo, basi. Aliwaza: nimetapika yote. Alimlilia Alfayo mpaka usingizi ukamchukua.

Ijumaa asubuhi aliamka, akaona jua limeingia mlangoni. Chepchirchir alikuwa amechutama motoni akipika chai. Dorcus alipangusa macho. Akapangusa tena.

“Mama, mbona jikoni kuna ukungu?”

Sufuria ilimwanguka Chepchirchir. Chai ikazima nusu ya moto.

“Umesema nini?”

“Ukungu. Mweupe. Ni moshi?”

Chepchirchir alimkaribia pole pole, akamshika uso kwa mikono miwili.

“Bwana yangu alisema hivyo hivyo,” alisema. “Kwa hicho kiti. Alisema, ‘Chepchirchir, mbona leo kuna ukungu ndani ya nyumba?’ Mimi nikamcheka. Nikamwambia ni uzee. Jioni hakuniona. Asubuhi hakuamka.”

Dorcus akamweleza. Spiriti, karoti, kikombe kimoja wakati wa kupakua. Alimweleza maneno ya Alfayo, yote, na jinsi Alfayo alivyoanguka.

Mjane yule hakulia. Alisimama tu katikati ya jiko lake, mdomo wazi, kama mtu aliyepigwa na mtu asiyemwona.

Na hapo ndipo mlango ulipopigwa teke.

Alikuwa Kepher. Nusu ya uso wake ilikuwa imefungwa kwa kitambaa, na nusu iliyobaki ilikuwa nyekundu, imevimba, jicho limezama ndani. Mkononi alikuwa na lile panga.

“Nimefuata matapishi,” alisema. “Tangu kwa chai mpaka hapa. Kama mbwa.”

Aliruka. Dorcus aliona tu kivuli kikubwa ndani ya weupe, akajitupa kando, panga likachana bega lake na kukata gunia la mahindi. Mahindi yakamwagika chini ya miguu. Kepher akateleza, akashika nguzo, akainua panga tena.

Hakulishusha. Chepchirchir alikuwa amelishika jembe lililokuwa nyuma ya mlango, na alilipiga goti la Kepher kwa nyuma ya chuma, kwa nguvu ya mwanamke aliyelima tangu utotoni. Goti lilikunjika upande ambao magoti hayakunjiki.

“Hiyo ni ya Kipkurui.”

Kepher alianguka akilia. Chepchirchir akampiga mkono wa panga. Mfupa ukalia kama kuni kavu.

“Hiyo pia ni ya Kipkurui.”

Akainua jembe juu ya kichwa cha Kepher.

“Mama, ngoja!” Dorcus alipapasa hewa mpaka akashika sketi ya Chepchirchir. “Ngoja! Muulize mapipa yako wapi sasa!”

Kepher hakungoja kuulizwa. “Lori! Linatoka saa nne! Linaenda Sigor! Usinipige, mama, nakuomba, kesho ni siku ya soko, wanataka kuiuza kesho!”

Jembe lilibaki juu. Halafu jembe likashuka taratibu, likagusa sakafu.

“Watu wangapi wanaweza kunywa hayo mapipa?” Chepchirchir aliuliza.

“Wilaya nzima,” Dorcus alisema.

* * *

Walimfunga Kepher kwa kamba ya ng’ombe. Kwa kuwa vijana walikuwa wameitwa kiwandani kupakia, barabara ilikuwa wazi. Jirani mmoja alimbeba Dorcus kwa pikipiki hadi zahanati, bega likivuja damu kupitia leso. Chepchirchir hakwenda naye. Alipiga mbinja kuelekea shambani, na wachumaji wakaanza kutoka kwenye chai, mmoja mmoja, kila mmoja na kisu chake cha kupogolea.

“Tutaweka magogo kwa barabara,” alisema. “Tutalisimamisha. Lakini dereva akiona ni wanawake tu atatupanda juu. Wewe leta polisi.”

Zahanati ile ilikuwa na muuguzi mmoja siku hiyo, Sista Phelis. Alimulika macho ya Dorcus kwa tochi, akazima, akamulika tena. Dorcus hakupepesa.

“Uliona mwanga?”

“Uliwasha?”

Phelis aliweka tochi chini. “Nimeita ambulensi. Unahitaji damu ioshwe, na hapa hatuna mashine. Nakutundikia dripu, na ninakuombea. Hizo ndizo dawa niko nazo.”

“Nipe simu kwanza. Polisi.”

Mkuu wa kituo alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa makaratasi.

“Madam, pole sana. Lakini hilo lori liko na stakabadhi. Zinasema juisi. Mimi nikishika lori la juisi la Kipruto, kesho nimehamishiwa Turkana. Niambie ni sheria gani.”

“Mimi ndiye sheria yenyewe. Mimi ndiye afisa wa kusema hiyo ni nini.”

“Basi sema kwa karatasi. Weka namba yako ya kazi na sahihi. Natuma Koplo Ongeri aje achukue, ako na pikipiki. Nikiwa na hiyo karatasi, nitazuia hata treni.”

Saa ya ukutani ilikuwa ikigonga. Dorcus hakuweza kuisoma.

“Saa ngapi, sista?”

“Saa nne kasorobo.”

Phelis alimpa karatasi na kalamu, akamwekea kidole mahali pa kuanzia. Dorcus alishika kalamu, akasita.

Aandike nini?

Maisha yake yote alikuwa ameita vitu kwa majina. Juisi ya chungwa. Juisi ya nanasi. Mchanganyiko. Kinywaji. Akiandika ni pombe, Kipruto atapata wakili kabla ya jioni: pombe hulipiwa kodi, mapipa yanarudishwa, na watu wa Sigor wanangoja. Akiandika ni juisi iliyoharibika, itasemwa ichujwe. Aliona nyuso mbili ndani ya ule weupe, ya Alfayo akimwonyesha dirisha kwa kidevu, na ya mzee Kipkurui ambaye hakuwahi kumjua, ameketi kwenye kiti chake akiuliza juu ya ukungu.

Akaandika kwa herufi kubwa, kila moja akiipima kwa ncha ya kidole cha kushoto:

SI JUISI. SI POMBE. SI CHAKULA CHA BINADAMU. NI KEMIKALI YA SUMU ILIYOFICHWA KWA JUISI. MAPIPA YOTE 40 YAZUILIWE YAHARIBIWE. MIMI NIMEIONJA.

Akatia namba yake ya kazi. Akatia sahihi. Haikuwa nzuri, lakini ilikuwa yake.

“Nimesoma yote,” Phelis alisema, sauti imekauka. “Imesomeka vizuri.”

Nje pikipiki ilifika, ikazimwa.

“Ni koplo,” Phelis alisema. “Ngoja nimlete.”

Nyayo zake zikatoka. Dorcus akabaki peke yake na weupe wake, bega likipwita, karatasi mkononi. Akasikia kitu nje, kizito, kama gunia likishushwa. Halafu viatu vizito vikaingia, vikasimama kando ya kitanda. Mtu alikuwa akipumua kwa nguvu, kama aliyekimbia.

“Afande Ongeri?”

“Mm.”

“Chukua. Enda haraka. Kuna wanawake wamesimama barabarani, usipofika watapandwa na lori. Tafadhali, afande.”

Karatasi ilitoka mkononi mwake taratibu. Akasikia ikikunjuliwa. Akasikia kimya cha mtu anayesoma.

“Mbona huendi?”

Karatasi ilipasuka. Mara moja, kwa urefu. Kisha mara ya pili.

“Umeandika vizuri kwa mtu kipofu,” alisema Kipruto Mosonik.

Dorcus alijivuta nyuma kitandani.

“Koplo yuko wapi?”

“Amelala hapo nje. Ataamka, kama ako na bahati. Na lori langu limetoka mapema, madam. Saa hii liko kwa kona ya mwisho kabla ya hao wanawake wako. Dereva nimemwambia asishike breki kwa mtu yeyote.”

Sauti ilikuwa hatua mbili kutoka kitandani, upande wa mlango. Dorcus aliipima jinsi mtu anavyopima kina cha mto kwa fimbo. Mkono wake wa kulia ulipanda kwenye mrija wa dripu, ukafuata mrija juu, ukakuta chuma cha kutundikia. Kilikuwa kirefu, chenye tako zito la msalaba.

“Unafikiria nini?” Kipruto aliuliza.

“Nafikiria Alfayo.”

Akachomoa sindano. Akainuka juu ya kitanda kwa magoti, akashika chuma kwa mikono miwili, akakizungusha kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, akapiga pale sauti ilipotokea.

Kilipata. Alihisi mfupa ukiitika hadi mabegani mwake. Mtu alianguka, na kitu cha kioo kikavunjika sakafuni.

Dorcus alisimama akitweta, chuma bado mkononi, akingoja kusikia Kipruto akilia.

Aliyelia alikuwa mwanamke.

“Nilimleta hapa kando yangu, nikamtisha asifungue mdomo; ulipoinuka nikamvuta mbele,” sauti ya Kipruto ikasema, tulivu, kutoka pale pale ilipokuwa. “Umempiga Sista Phelis kichwani, madam.”